Bakuli la Pili la Meneja

Watu wa mtaa ule walimwita Fundi Sanduku, na kila mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alishusha sauti, akauliza kama ndiye anayechonga majeneza. Fundi alikuwa na jibu lake, lililokwisha kuwa laini kwa kutumiwa. "Wateja wa wenzangu huingia wakalala," alisema. "Wangu hutoka wakitembea."

Kazi yake ilikuwa kutengeneza masanduku ya wanyama wanaosafiri kwa ndege. Ni kazi ambayo mtu anaweza kumaliza shule zote bila kujua kwamba ipo. Mtu akihamishwa kikazi na ana mbwa, mbwa yule hawezi kupewa kiti, akafunga mkanda na kuomba maji kwa mhudumu. Lazima aingie sandukuni, akae tumboni mwa ndege, gizani, na chochote atakachokihitaji mpaka afike lazima kiwe humo tangu mwanzo. Fundi alishawasafirisha mbwa wengi, sungura wa maonyesho, kasuku mmoja aliyewatukana wapakiaji mpaka mlango ukafungwa, na kobe, ambaye Fundi alisema ndiye abiria pekee aliyewahi kumwona asiye na haraka ya kufika.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya ghala la mizigo la uwanja wa ndege. Mbao za plaiwudi zilisimamishwa ukutani kama watu waliopanga foleni. Palinukia gundi, vumbi la msumeno, na samaki, kwa sababu chumba cha pili kilikuwa cha wapakiaji wa samaki wanaopelekwa nje. Ndege ilipopaa, makopo ya misumari yalitetemeka rafuni, yakatulia, na Fundi hakuinua kichwa. Alizisikia ndege kama mtu anavyowasikia watoto wa jirani. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda hata moja.

Maseremala wengine wangeanza kwa kuuliza urefu na upana wa mnyama. Fundi Sanduku alianza na swali jingine: "Atakaa humo saa ngapi?" Kwake yeye, saa ndizo zilizozaa sanduku. Kutokana na saa alijua unene wa godoro, ambalo mkewe alilishona kwa mablanketi makuukuu, na kutokana na saa alijua idadi ya mabakuli ya maji. Alichukua saa za angani, akaongeza nne za ardhini, maana mnyama akishatolewa ghalani husubiri kupakiwa na husubiri tena kushushwa. Zikifika kumi na mbili, bakuli moja kubwa linatosha, hata likimwagika nusu. Zikizidi hapo, mabakuli mawili, na maji yake hugandishwa tangu usiku wa jana yake. Barafu haimwagiki ndege inapoinua pua, tena huyeyuka taratibu, kwa hiyo mnyama hupata maji mapya hata akiwa amekwisha kuvuka nusu ya dunia.

Utaratibu huo haukushuka kutoka mbinguni. Miaka mingi nyuma, alipokuwa bado anatengeneza madawati ya shule na kuitwa ghalani mara mojamoja, aliombwa afungue sanduku lililotoka mbali, ambalo komeo lake lilikuwa limepinda. Ndani alikuta mbwa mkubwa mwekundu amelala ubavu. Alikuwa hai, lakini ulimi wake ulikuwa mkavu kama ubao uliopigwa msasa, na bakuli lake la bati lilikuwa na alama za meno ukingoni, mahali alipojaribu kulitafuna. Fundi alimnywesha kwa kitambaa, tone kwa tone. Tangu siku hiyo akaachana na madawati.

Alikuwa na desturi nyingine pia. Sanduku likikamilika, alipiga magoti, akaingiza kichwa ndani, akauvuta mlango mpaka ukamgusa shingo, akatulia humo bila kusema neno. Alitaka kujua hewa inapita wapi, na kama kuna msumari unaochungulia. Mkewe alipomkuta hivyo mara ya kwanza alidhani amekwama, akamkamata miguu na kumvuta kama anayeng'oa muhogo. Baadaye akawa anawasimulia majirani: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wangu mimi huinama, na cha mvunguni hakitaki."

Juu ya meza ya kazi palikuwa na ramani ya dunia iliyofifia kwa jua. Fundi alipiga msumari mdogo penye mji wao, akafunga uzi. Kila mteja alipotaja mji anakokwenda mnyama wake, Fundi aliuvuta uzi mpaka pale, akaupima kwa vidole. Uzi ule haukuwa na kazi yoyote. Saa za safari alizipata kwa karani wa mizigo, ambaye humwandikia kwenye kipande cha karatasi: tisa, sita, kumi na moja. Uzi ulikuwa wa kujifurahisha tu. Mtu aliyeishi maisha yake yote chini ya ndege ana haki ya kutazama zinakokwenda.

Mji mmoja kwenye ramani ile aliujua kwa jina la utani. Aliuita "kwa shemeji", maana dada mkubwa wa mkewe aliishi huko, akifanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate. Siku alizokuwa kazini, simu yake iliingia asubuhi, Fundi akiwa karakanani na mkewe akishona magodoro pembeni. Siku za mapumziko iliingia kabla ya jogoo, nyumba nzima ikaamka, na watoto wakamwita Mama Mkubwa Alfajiri. Kwamba huko saa si kama za huku, hilo walilijua wote, na walilicheka. Fundi alipenda kusema kwamba jua la kwa shemeji ni vivu na huchelewa kazini.

Basi wiki moja, karani wa mizigo akiwa likizo, Bibi Mkunga aliingia karakanani na kikapu chenye kifuniko.

Bibi Mkunga alikuwa amestaafu, lakini nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikiingia duniani, wakiwamo watoto wote watatu wa Fundi, na kwa hiyo hapakuwa na mtu mzima wa kujitutumua mbele yake. Alikuwa anahama. Mwanawe wa pekee alikuwa amemwita aende kuishi naye, huko huko kwa shemeji, na safari hii haikuwa ya kurudi. Kabati alishampa huyu, meza alishampa yule, funguo za nyumba alikuwa amezifunga kwenye leso tayari kuzikabidhi. Kilichobaki ni kile kilichokuwa kikapuni.

Alifunua. Paka mzee wa kijivu, mwenye sikio moja lililochanika, alimtazama Fundi kama mtu aliyecheleweshewa ripoti.

"Anaitwa Meneja," alisema Bibi. "Kazi yake ni kuzunguka akiwatazama wengine wakifanya kazi, kisha analala."

Meneja alikuwa na miaka kumi na sita, na figo zake zilikuwa zimechoka. Daktari wa wanyama alisema anaweza kusafiri, ila maji yasikosekane. Kiumbe mwenye figo kama hizo akikaa nusu siku bila maji, Bibi asitegemee kumpokea akiwa mzima. Bibi aliyasema hayo bila kutetemesha sauti, kama mtu aliyezoea kuwapa wengine habari ngumu. Kisha akamwekea Fundi mkono begani.

"Niambie ukweli, mwanangu. Kama hataweza, nitabaki naye. Mwanangu nitamweleza, atanisamehe. Huyu sina namna ya kumweleza."

Fundi akauliza swali lake la siku zote, na Bibi, kwa kuwa karani hakuwapo, akampa karatasi ya tiketi.

Hapa ndipo kosa lilipoingia, na liliingia likiwa limevaa vizuri. Tiketi iliandika kwamba ndege itaondoka 14:00 na kufika 22:00. Fundi, kama sisi wote tuliofundishwa kuanza kuhesabu saa jua linapochomoza, alijua kwamba saa za uwanja wa ndege haziaminiki mpaka uzitoe sita. Zamani alikwenda kumpokea mgeni wa saa saba akamkuta ameshafika tangu asubuhi, amelala juu ya begi lake, na tangu hapo hakukubali kuchekwa tena. Akatoa sita. Saa nane mchana. Kwenye ishirini na mbili akatoa sita nyingine, akaweka sawa. Saa nne usiku. Kutoka nane mpaka nne ni saa nane. Ongeza nne za ardhini, kumi na mbili kamili. Bakuli moja kubwa.

Kwa kuwa alikwisha kutoa sita, alijiona amevuka mtego. Mtu akishajikinga na mwizi mmoja huenda akalala mlango wa nyuma ukiwa wazi.

Bibi mwenyewe alishtuka kidogo. Mwanawe alipoondoka miaka ile alikwenda siku mbili, alisema, inakuwaje leo saa nane? Fundi akamweleza kwamba mwanawe alibadili ndege mara tatu na kulala kwenye viti vya watu, ila hii ni mpya, inakwenda moja kwa moja. "Na ndege za siku hizi, mama, si zile," aliongeza, kwa sauti ya mtu anayezifahamu. Kisha, kwa mazoea, akauvuta uzi. Ulikwenda, ukavuka maji, ukavuka nchi, ukavuka maji tena, ukaishia kwenye ncha kabisa. Alilazimika kuusogeza kwa kucha ili uguse. Mji ambao ndege huenda kwa saa tisa ulikuwa nusu tu ya uzi. Macho yake yaliliona hilo wazi. Lakini kichwa kilikwisha kufunga hesabu, na alichofanya ni kuilaumu ramani kwamba ni kuukuu.

Alilitengeneza sanduku lile kwa moyo. Mlango wa wavu, matundu pande zote, godoro lililoshonwa mara mbili, na bakuli lililoning'inia nje ya wavu kwa ndoano mbili, mbele ya uwazi mrefu wa kupenyezea pua, ambalo mtu anaweza kulitoa na kulijaza akiwa nje bila kugusa komeo. Aliingiza kichwa akatulia humo mpaka mkewe akamuuliza kama anataka aletewe chakula huko huko.

Siku ya safari, saa tatu asubuhi, Bibi Mkunga alimkabidhi Meneja ghalani, akamwambia maneno mawili matatu kupitia wavu, akaenda upande wa abiria na begi lake bila kugeuka nyuma. Meneja aligeukia ukuta. Fundi akarudi karakanani akiwa mwepesi, akapiga mluzi, akaanza kukata mbao za sungura.

Saa nne simu ikaita. Ilikuwa ya shemeji. Mkewe alizungumza naye kwanza, wakacheka mambo yao, kisha akampa Fundi, na Fundi akaanza utani kama kawaida ya mashemeji. Alisema leo anamletea mgeni, mfupi, mwenye mkia. Alisema yeye shemeji alihangaika siku mbili njiani kama mzigo uliopotea, kumbe paka anakwenda saa nane tu, saa nne usiku atakuwa ameshatua.

Shemeji alicheka mpaka sauti za trei zikasikika nyuma yake. Kisha akaacha.

"Saa nne usiku ya kwako au ya kwangu?" aliuliza.

Fundi alisema ni saa nne ya kwenye tiketi.

"Shemeji yangu, sasa hivi hapo ulipo ni saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Mimi hapa ni saa tisa ya usiku. Ndiyo kwanza tunaingiza mikate ya pili tanurini. Tiketi inataja saa za mji unaotoka na saa za mji unaofika, kila mji na zake. Ongeza saba."

Fundi hakuaga. Alibaki ameshika simu, akitazama ramani, na uzi aliousahau ukiwa bado umevutwa mpaka kwenye ncha. Nane na saba, kumi na tano. Na nne za ardhini, kumi na tisa. Bakuli moja lilikuwa la kumi na mbili. Hizo saba zilizobaki zilipita nusu ya ile nusu siku ya daktari, na paka anayeumwa figo hanywi kwa kipimo. Anaweza kulimaliza bakuli kabla hata ya chakula cha abiria. Alimwona tena mbwa mwekundu na lile bati lenye meno. Miaka yote hii alijua kwamba kwa shemeji jua huchelewa, alilicheka jambo hilo mezani na watoto wake, na halikumfuata hata siku moja karakanani.

"Kuna nini?" mkewe aliuliza.

"Nimemhesabia mauti," alisema Fundi, akachukua bakuli la pili rafuni, ndoano mbili na koleo, akatoka.

Ghalani, chumba cha wanyama kilikuwa chini ya Mkaguzi, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, ambaye ilisemekana alishawahi kuurudisha mzigo wa mjomba wake mwenyewe kwa sababu lebo ilikaa upande. Alimsikiliza Fundi mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba sanduku limeshabandikwa karatasi ya kufungia, mwenye paka ameshavuka upande wa ndani, na bila mwenyewe kuwapo mlango ule haufunguliwi na mtu.

Fundi akasema hahitaji mlango. Bakuli linaning'inia kwenye wavu, na la pili litaning'inia hapo hapo kwa nje.

"Kuongeza ni kuongeza," alisema Mkaguzi. "Uzito ukibadilika, karatasi inabadilika. Na sababu ni nini, ikiwa safari ni ya saa nane?"

"Siyo nane, mama. Ni kumi na tano."

Mkaguzi akavaa miwani, akaichukua karatasi ya Meneja, akaisoma huku midomo ikicheza. Fundi hakuhitaji kuambiwa anachofanya. Alikuwa anatoa sita.

"Nane," alisema Mkaguzi.

"Ongeza saba. Ile saa ya kufika ni ya kwao."

Mama yule akatazama dari. Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akauficha mkono mfukoni, akamalizia humo. Kanuni zake mwenyewe, zilizobandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, zilitaka mnyama wa safari ndefu awe na maji mara mbili, na yeye ndiye aliyempitisha huyu asubuhi ile akiwa na bakuli moja. Alivua miwani polepole.

"Wanyama hupakiwa mwisho," alisema, akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Saa saba nitapima tena. Uzito nitakaoukuta saa saba ndio huo. Kabla ya hapo mimi niko upande ule, nakagua maua."

Bakuli alikuwa nalo. Kilichokosekana ni barafu. Maji matupu yangemwagika nusu wakati wa kupaa, na kugandisha bakuli zima ni kazi ya usiku kucha. Fundi akasimama katikati ya ua wa ghala, mikono mitupu, na upepo ukamletea jibu puani. Samaki.

Wapakiaji walimpokea kwa maneno. Mkubwa wao, jitu lenye buti nyeupe mpaka magotini, alimuuliza kama sasa ameanza kuwatengenezea samaki masanduku ya kupumulia. Fundi alimweleza mbio mbio kwamba ni paka wa Bibi Mkunga. Jitu likaacha mzaha. Bibi Mkunga ndiye aliyelitoa duniani, tena miguu ikitangulia, kama mama yake alivyokuwa akimkumbusha kila alipomkasirikia. Akamvuta Fundi mpaka kwenye mashine, akamkingia barafu pale inapotokea, ngumu, kabla haijagusana na samaki yeyote. Lakini mikono iliyoivunja ilikuwa mikono ya kazi ile, na harufu haina adabu. Ilikwenda pamoja na barafu.

Fundi alilishindilia bakuli la pili kwa nyundo ya mti mpaka likawa jiwe moja jeupe. Akalitoa na lile la kwanza, akamwaga maji, akalishindilia nalo. Mikono ilikufa ganzi mpaka kwenye viwiko. Akafunga ndoano mpya kwenye wavu, vidole vikigoma, akayaning'iniza yote mawili, la kushoto na la kulia.

Meneja alikuwa bado ameigeuzia dunia mgongo. Kwanza sikio lililochanika likazunguka. Kisha lile zima. Kisha paka mzima akageuka, akaja mlangoni kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuonekana ana haja, akanusa, akalamba. Akalamba tena. Katikati ya kulamba aliinua macho akamtazama Fundi, namna mkubwa wa ofisi anavyomtazama mtu aliyeleta chai baridi: hakushukuru, lakini hakuirudisha.

Saa saba Mkaguzi alipima, akaandika, hakuuliza kitu.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Fundi Sanduku alitoka nje kuitazama ndege ikipaa. Makopo ya misumari yalitetemeka nyuma yake, naye akiwa uani na mkono juu ya macho. Ndege ilipanda, ikapinda, ikaelekea upande ambako jua lilikuwa linakwenda, na hapo ndipo jambo lile likamwingia, si kama hesabu bali kama kitu cha kuonekana. Walikuwa wanalifukuza jua. Wao chini wangeshusha mapazia, wangekula, wangelala, na Bibi Mkunga huko juu angekuwa bado ana mchana uleule dirishani, mchana uliovutwa kama uzi. Saa za kwao zingekuwa zinawasubiri. Lakini kiu ya paka haisubiri. Yenyewe huhesabu saa zote, moja baada ya nyingine, bila kutoa sita wala saba.

Jioni alikula bila kujua amekula nini. Mkewe alimwambia alale, barafu haiyeyuki polepole zaidi kwa sababu yeye yuko macho. Alilala nusu nusu.

Asubuhi, chai ikiwa mezani, ujumbe ukaingia kutoka simu ya mtoto wa Bibi Mkunga. Ulikuwa wa Bibi mwenyewe, ulionekana kwa ufupi wake, kwa maana maisha yake yote alizoea kuandika kadi za wodini. *Tumefika salama. Bakuli moja kavu kabisa. La pili lina maji kidole kimoja. Meneja anatembea.*

Fundi alimsomea mkewe. Mkewe akamwambia asome tena ile sehemu ya mwisho.

Wiki ile alifanya kazi kama kawaida. Sungura walipata sanduku lao. Alipomuuliza mwenye sungura swali lake la siku zote, aliongeza jingine, na mwenye sungura akamshangaa: anakokwenda sasa hivi ni asubuhi au usiku? Mkaguzi naye alikuwa amebandika karatasi mpya chini ya zile kanuni: saa ya kufika ni ya mji wa kufika. Fundi alipita karibu, akaisoma, akaendelea na safari yake.

Kisha shemeji akapiga, saa nne asubuhi, karakanani. Alikuwa amekwenda kumwona Bibi Mkunga siku yake ya mapumziko. Mtoto wa Bibi alimnunulia Meneja kitanda cha paka, kina mto, kina paa, na kitu cha kuchezea kinachoning'inia. Meneja alikizunguka mara moja, akakikagua, akarudi kulala kwenye sanduku la plaiwudi. Wamelazimika kuliweka sebuleni. Mkwe wa Bibi analalamika kwamba linanuka samaki, na Bibi amesema anayeona linanuka akakae chumbani.

"Wateja wako siku hizi hawatoki," alisema shemeji. "Bora ungechonga majeneza."

Fundi alicheka mpaka akaweka msumeno chini. Shemeji akaanza kisa kingine, kirefu, cha mkwe huyo na mapazia, na Fundi, huku akisikiliza, aliitazama ramani na, bila kukusudia, akatoa saba. Saa tisa ya usiku. Nyuma ya sauti ya shemeji, trei zilikuwa zinagongana. Miaka yote hii simu za asubuhi zilimkuta ameshalala usingizi wake, ameshakula, ameshaoga, na kila mara alimuuliza shemeji ameamkaje, mtu ambaye hakuwa amelala.

"Shemeji," alimkatiza, "umekaa?"

"Nimesimama. Mtu anakaa wapi hapa?"

"Mapumziko yenu ni ya muda gani?"

"Nusu saa."

"Na sisi huzungumza nawe muda gani?"

Tanuri lilifunguliwa mahali fulani, likafungwa.

"Kama nusu saa," alisema.

"Basi kata simu, tafuta gunia la unga ukalie, ule mkate. Jumapili tutapiga sisi. Nitatoa sita, nitatoa na saba, tutakukuta mezani."

"Angalia usitoe sana," alisema shemeji, na sauti yake ilikuwa imechoka na ina kicheko. "Utanikuta jana."